Rooibos: chai nyekundu ya Cederberg na haki ya walioitambua kwanza

Rooibos ni kinywaji kinachotengenezwa kwa majani na vijiti vya kichaka kinachoota katika milima ya Cederberg na maeneo jirani, magharibi mwa Afrika Kusini. Kwa Kiafrikana jina hilo lina maana ya kichaka chekundu. Ingawa huitwa chai, mmea huo, Aspalathus linearis, ni wa jamii ya kunde wala hauna undugu na mchai unaolimwa Kericho au Mufindi. Kwa asili hauna kafeini, ndiyo maana wengi hunywa rooibos usiku bila hofu ya kukosa usingizi.

Asili yake

Wakhoi na Wasan ndio wakazi wa kale wa eneo hilo, na maarifa ya kuutumia mmea huo yanatokana nao. Matawi ya porini yalikatwa, yakapondwa, yakarundikwa yachachuke, kisha yakaanikwa juani.

Mwaka 1904 Benjamin Ginsberg, mhamiaji wa Kiyahudi kutoka Urusi, alianza kuinunua kwa wakazi wa milimani na kuiuza mbali zaidi. Katika miaka ya 1930 daktari wa mji wa Clanwilliam, Pieter le Fras Nortier, alijaribu kuilima. Kikwazo kilikuwa mbegu: ni ndogo, zina ganda gumu, na hurushwa mbali pindi kifuko chake kinapopasuka. Inasimuliwa kwamba mwanamke mmoja Mkhoi aliwafuata sisimizi waliobeba mbegu hizo, akaikuta akiba yao shimoni. Nortier naye alibaini kuwa mbegu zikikwaruzwa kwanza, huota kwa urahisi.

Kutoka shambani

Mavuno ya kwanza hupatikana takriban miezi 18 baada ya kupanda. Katika majira ya joto, kuanzia Januari, matawi hukatwa kwa mundu, hukatwakatwa vipande vya milimita chache, hupondwa, hunyunyiziwa maji na kurundikwa kwa saa kadhaa, mara nyingi usiku kucha. Hapo ndipo rangi ya kijani hugeuka nyekundu na harufu ya asali hujitokeza. Kisha hutandazwa juani, huchekechwa na kupitishwa kwenye mvuke ili kuua vijidudu. Isiyochachushwa hubaki ya kijani, na ladha yake ni nyepesi zaidi.

Ladha na uandaaji

Rooibos nyekundu ina utamu wa mbali, wenye kukumbusha asali na mti mkavu. Kwa kuwa ina tanini kidogo, haiwi chungu hata ikikaa majini muda mrefu. Kijiko kimoja cha chai chatosha kikombe kimoja. Humiminiwa maji yanayochemka na kufunikwa kwa dakika 5 hadi 10. Anayependa iliyokolea huichemsha sufuriani kwa moto mdogo. Hunywewa kavu, kwa maziwa, kwa limau au kwa asali. Aliyezoea chai ya viungo aweza kutia tangawizi na iliki.

Jina na haki

Mwaka 1994 jina rooibos lilisajiliwa nchini Marekani kama alama ya biashara, na wazalishaji wa Afrika Kusini walilazimika kupambana hadi suluhu ilipopatikana mwaka 2005. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ulililinda jina hilo, ili litumike kwa zao la eneo lake la asili pekee.

Suala la wenye maarifa lilichukua njia nyingine. Sehemu kubwa ya mashamba ya rooibos imo mikononi mwa wakulima wa kizungu, huku wazao wa Wakhoi na Wasan wakibaki wakulima wadogo au vibarua. Baada ya mazungumzo ya miaka mingi, makubaliano ya mwaka 2019 yaliamua kwamba asilimia 1.5 ya bei ya rooibos shambani italipwa kwa mabaraza yanayowakilisha jamii hizo mbili. Malipo ya kwanza, yaliyotolewa mwaka 2022, yalizidi randi milioni 12.

Hata hivyo, mgawo huo hukokotolewa kwa bei anayolipwa mkulima, wala si kwa bei ya pakiti dukani, ambako thamani ya zao hilo huwa imepanda mara nyingi.