Kugombania hewa bafuni

Haya wasomaji, leo tuingie bafuni. Bafu lenyewe ni la Uingereza, mwaka 1868, pale Benjamin Waddy Maughan wa London alipobuni mtambo wa gesi wa kupasha maji papo hapo. Akauita Geyser, jina lililotokana na chemchemi ya moto ya Iceland. Raha kweli, ila haukuwa na bomba la kutolea moshi! Moto na muogaji walivuta hewa ile ile, na kwa baridi ya kule nani angefungua dirisha?

Piga hesabu. Futi 1 ya ujazo ya gesi asilia hutaka karibu futi 10 za hewa. Ikipungua, moto hutoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, nayo hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. John Scott Haldane aliijaribu mwilini mwake miaka ya 1890 (wanasayansi wa zamani bwana!).

Mabomba yakaja. Kisha mafuta yakapanda bei mwaka 1973, watu wa Ulaya na Marekani wakaziba nyufa za nyumba wasipoteze joto. Kumbe nyufa hizo ndizo zilizokuwa zikilisha moto. Ukiwasha feni ya jikoni, moshi unarudi ndani.

Kanuni ya Marekani ya siku nyingi hutaka mtambo wa Btu 40,000 kwa saa upate nafasi ya futi za ujazo 2,000, la sivyo matundu mawili, karibu na dari na karibu na sakafu. Mingine siku hizi huvuta hewa nje kwa bomba lake na kutoa moshi huko huko.