Mushipa: historia ya ukuta wa tumbo

Kati ya desturi zetu kuna moja ambayo haiandikwi mara nyingi: desturi ya kunyamaza. Mwanaume anavimba pa kinena, anaficha. Anaona haya mbele ya bibi yake, mbele ya watoto, hata mbele ya munganga. Ugonjwa huo huku kwetu Manika tunauita mushipa. Wengine wanasema ngiri, na ku hospitali wanasema erni. Tumeona ni vizuri tuueleze, kwa sababu kunyamaza huku kunaua watu.

Tuanze na jina, maana jina linadanganya. Ukisikia mushipa, unafikiri kuna mushipa uliovimba, basi unatafuta dawa ya kuulegeza. Lakini haiko vile. Tumbo lina ukuta wa nyama unaoshikilia matumbo ndani. Pale ukuta unapokuwa zaifu, panafunguka tundu, na kipande cha utumbo ao mafuta kinapita. Pa kinena inawapata zaidi wanaume, kwa sababu njia ambamo mapumbu yalishukia mbele ya kuzaliwa inabaki mahali pazaifu. Inaweza kutokea pia pa kitovu, ao pale mama alipopasuliwa wakati wa kuzaa.

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Walijua kwamba mgonjwa akilala chali uvimbe unarudi, na kwamba mukanda unausaidia kukaa ndani. Akina mama walifunga kitovu cha mtoto na kitambaa, pengine na feza ya chuma ndani. Kitovu cha mtoto mara nyingi kinajifunga chenyewe mbele ya miaka 5, basi sifa ikaenda kwa ile feza. Kwa mtu mzima tundu halijifungi. Dawa ya miti inaweza kutuliza maumivu, lakini haishoni tundu. Na kuchanja uvimbe kwa wembe ni hatari kubwa: chini ya ngozi kuna utumbo. Wale wanaosema ni uchawi ao malipo ya uzinzi wanaongeza haya tu.

Inchi yetu ni ya mizigo. Basanga waliyeyusha mukuba zamani sana, na misalaba ya shaba ilibebwa mbali. Union Minière ilianzishwa mu 1906, na muji wa Kolwezi mu 1937. Gécamines, iliyoshika nafasi yake baada ya serikali kuchukua migodi mu 1967, ilikuwa na hospitali kwa wafanyakazi na jamaa zao. Mu miaka ya 1990 kampuni ilianguka, na vijana wengi wakaingia kuchimba kwa mikono, kubeba mifuko ya mawe ku mabega. Kubeba mizito, kukohoa kwa muda mrefu na kujikaza chooni vinasukuma ule ukuta. Lakini mchimbaji huyu hana kampuni ya kumulipia hospitali, basi anangoja.

Hata Ulaya waliteseka vile vile. Kwa karne nyingi walivaa mikanda, na wapasuaji wa kuzunguka vijijini mara nyingi walikata na pumbu pamoja. Mu 1884 munganga Edoardo Bassini, pa Padova mu Italia, alianza kujenga upya ukuta wenyewe, akishona nyama tabaka kwa tabaka. Tangu miaka ya 1980, kwa kazi ya Irving Lichtenstein wa Marekani na wenzake, wanganga wengi wanaweka wavu mwembamba juu ya tundu, ili nyama isivutwe kwa nguvu na ugonjwa usirudi.

Wavu wa kiwanda ni bei kali. Kwa hiyo wanganga wa Uganda na Sweden walijaribu kitambaa cha chandarua, kilichosafishwa kwa mvuke ya moto. Wanaume 302 walipasuliwa pa Kamuli, mashariki ya Uganda. Matokeo yalitangazwa mu 2016: kisha mwaka moja, mushipa ulimurudilia mutu moja tu kati ya wale wa chandarua, na hakuna hata moja kati ya wale wa wavu wa bei. Lakini msikate chandarua cha nyumbani! Hii ni kazi ya munganga na vyombo vyake.

Tunamalizia na jambo la kushika. Kama uvimbe unakuwa mgumu, haurudi tena, unauma sana, na mgonjwa anatapika ao hapati choo, utumbo umekabwa. Damu haifiki, na kwa masaa machache tu unaweza kuoza. Hapo hakuna kungoja kesho, hakuna kusukuma kwa nguvu: mbio ku hospitali. Lakini aliyepasuliwa mapema, wakati uvimbe ungali unarudi, mara nyingi anarudi nyumbani siku ile ile ao kesho yake.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tuwaambie basi baba zetu na vijana wetu wa migodi waseme mapema, bila haya.