Askofu Mwanakijiji wa Rulenge

Anayesafiri kutoka Kahama kwenda Rusumo hufika Nyakanazi, wilayani Biharamulo, mahali ambapo barabara ya Kigoma inachepuka kuelekea Kakonko na Kibondo. Malori yaendayo Rwanda na Burundi hupumzika hapo, mabasi hushusha na kupakia, na wasafiri wengi huijua Nyakanazi kama njia panda tu. Anayeendelea mbele, akapita Lusahunga na Nyakahura, huingia vilima vya Ngara. Huko ndiko iliko Rulenge, na huko, katika miaka ya 1970, askofu mmoja Mkatoliki alitaka kuongoza watu akiwa mwanakijiji miongoni mwao.

Jina lake ni Christopher Mwoleka. Alipewa jimbo la Rulenge mwaka 1969, akipokea kijiti kutoka kwa Alfred Lanctôt wa Shirika la Wamisionari wa Afrika. Mkoa bado uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja mwaka 1979, baada ya vita na Idi Amin. Jimbo lilikuwa la pembezoni, mbali na Bukoba na mbali zaidi na Dar es Salaam. Waumini wake wengi waliishi kwa jembe, migomba na maharage.

Miaka miwili kabla ya uteuzi huo, Februari 1967, chama tawala cha TANU kilikuwa kimepitisha Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa. Watu hukumbuka zaidi mabenki na mashamba yaliyotaifishwa, lakini sehemu iliyowagusa viongozi mwilini ilikuwa miiko ya uongozi. Kiongozi wa chama au serikali hakuruhusiwa kuwa na mishahara miwili, kumiliki nyumba za kupangisha, kuwa na hisa katika kampuni wala kukaa kwenye bodi ya kampuni ya kibepari. Mwalimu Nyerere, rais wa nchi na Mkatoliki aliyehudhuria misa kwa bidii, aliliona suala la uongozi kuwa suala la dhamiri kabla halijawa la sheria. Oktoba 1970, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, aliwaambia bila kuficha kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, litakosa maana kwa watu hao.

Viongozi wengi wa dini waliisikia hoja hiyo wakaipima kwa tahadhari, kwa kuwa neno ujamaa lilinukia Moscow na Peking masikioni mwao. Mwoleka alilipokea kwa moyo wote. Kwake, kijiji ambacho watu wanalima pamoja na kugawana walichovuna kilikuwa na sura ya Injili. Alijiunga na kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akawa anakaa huko sehemu ya wakati wake, akishika jembe pamoja na wenzake. Padre Joseph Healey, Mmarekani wa shirika la Maryknoll, naye aliishi Nyabihanga, na maisha ya kijiji hicho yamo katika kitabu chake cha mwaka 1981. Mwaka 1976 wawili hao walitoa pamoja kijitabu kilichochapishwa na Gaba Publications, Ujamaa and Christian Communities.

Nguvu ya kuishi hivyo Mwoleka aliitoa katika fundisho ambalo mapadre wengi hulipitia haraka wakihubiri, maana ni gumu kulieleza: Utatu Mtakatifu. Mwoleka alishikilia kwamba Mungu hakuwafunulia watu siri hiyo ili waumize vichwa kuifumbua kama hesabu. Aliwafunulia ili waiishi. Nafsi tatu zinashirikiana kila kitu bila moja kumeza nyingine, basi na binadamu waige, washirikiane mali, kazi, furaha na shida. Makala yake juu ya jambo hilo ilitoka katika jarida la AFER mwaka 1975, na hadi leo wanateolojia wa Afrika wanairejea.

Kwa kiongozi, fundisho hilo ni kali. Anayekaa ofisini, akapokea taarifa na kutoa maagizo, anaweza kuwa mwadilifu kabisa na bado asikue, kwa sababu hakuna anayemwona akichoka, akikosea au akikasirika. Ndani ya kijiji cha ujamaa maisha ya mtu yako wazi. Mvivu anajulikana kabla jua halijafika utosini, na mchoyo anajulikana siku ya kugawana. Kwa Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975, chombo kikuu cha kijiji kilikuwa mkutano mkuu wa watu wazima wote, na halmashauri iliwajibika kwao. Askofu aliyekubali kuwa mwanakijiji alikubali kutazamwa hivyo. Hapo ndipo penye uzito wa uamuzi wake, kuliko hata maneno yake mazuri juu ya ujamaa.

Wazo la kiongozi kujianika mbele ya wenzake halikuanzia kwake katika ukanda huo. Miaka ya 1930 moto wa Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la Waprotestanti, uliwaka Gahini, Rwanda, ukavuka mipaka hadi Uganda, Ngara na Bukoba. Ndugu wa Uamsho walikuwa na desturi ya kutembea nuruni: kuungama hadharani, kurudisha kilichoibwa, kuambiana ukweli bila kujali nani mchungaji na nani mpishi. Katika mazingira hayo ya Bukoba alikulia Josiah Kibira, Mlutheri, aliyekuja kuwa askofu na, mwaka 1977, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Madhehebu yalitofautiana kwa mengi, lakini pande zote mbili zilikubaliana kwamba kiongozi hulelewa na watu walio karibu naye kiasi cha kumkemea.

Njia ya Mwoleka ilipata mtihani mgumu kutoka kwa serikali ileile aliyoiunga mkono. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na katika miaka iliyofuata mamilioni ya watu walihamishwa, mahali pengine nyumba zikichomwa. Kijiji alichokiota askofu kilisimama juu ya hiari. Hakuna upendo wa Utatu unaoletwa kwa mgambo na lori. Haki inataka isemwe wazi kwamba operesheni ile iliumiza watu, na kwamba iliharibu kwa muda mrefu jina la kitu ambacho Nyabihanga ilikionyesha kwa udogo wake.

Kilichodumu ni jumuiya. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walizifanya jumuiya ndogondogo za Kikristo kuwa kipaumbele katika mikutano yao ya 1973 na 1976, na Rulenge ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyozijaribu mapema. Leo Mkatoliki wa Tanzania hawezi kukwepa jumuiya yake. Majirani hukutana nyumba kwa nyumba kila wiki, husoma Neno, huchangia wagonjwa na wafiwa. Mtoto akipelekwa kubatizwa au vijana wakitaka ndoa, parokia huuliza kwanza jumuiya inasemaje. Mwenyekiti, katibu na mtunza hazina huchaguliwa na majirani, na akina mama wamo. Hii ni shule ya uongozi ambayo haina jengo wala cheti, na imewafunza watu wengi kusimama, kusikiliza na kutoa hesabu ya fedha za wengine.

Jimbo la Rulenge lilipata mtihani mwingine mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, Wanyarwanda wapatao 250,000 waliokimbia vita na mauaji ya kwao walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi. Kambi ya Benaco ikageuka mji, na malori ya chakula yakawa yanapita Nyakanazi kutoka Isaka. Wenyeji wa Ngara walizidiwa idadi katika wilaya yao wenyewe. Misitu ilikatwa kuni, na mashamba yakavunwa na wenye njaa. Mwoleka bado alikuwa askofu wao. Aliondoka madarakani mwaka 1996, wakimbizi waliporudishwa kwao, akafariki mwaka 2002. Miiko ya uongozi ya Arusha nayo ilikuwa imelegezwa mwaka 1991 katika kikao cha chama kule Zanzibar, na tangu 1995 maadili ya viongozi wa umma yamekuwa kazi ya sheria na fomu za kutangaza mali.

Jimbo sasa linaitwa Rulenge-Ngara, jina lililokuja mwaka 2008. Waliokuwa vijana Nyabihanga wakati askofu anashika jembe ni wazee leo, na sauti zao zinapungua kila mwaka. Parokia, walimu wa historia wa Ngara na Biharamulo, na wajukuu wenye simu za kurekodi wakae nao sasa, wawaulize askofu wao alilimaje, alikosolewaje, na alijibu nini.