Anne Makinda: Aliingia bungeni enzi za Mwalimu, akatoka akiwa Spika

Anne Semamba Makinda ndiye mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Tanzania. Alikalia kiti hicho miaka mitano, kuanzia Novemba 2010 hadi Novemba 2015. Ila hadi leo ukimtaja, swali ni lile lile: alikipata kwa uwezo wake, au kwa sababu chama kilitaka kumtoa aliyekuwepo?

Makinda alizaliwa Njombe tarehe 26 Julai 1949 na kusomea uhasibu Mzumbe. Mwaka 1975, akiwa na miaka 26, akaingia bungeni. Rais alikuwa Mwalimu Nyerere, nchi ilikuwa ya chama kimoja, Bunge lilikutania Karimjee, Dar es Salaam, na Spika alikuwa Chifu Adam Sapi Mkwawa. Wabunge wengi aliokuja kuwaongoza baadaye walikuwa bado watoto, na wengine hawajazaliwa.

Miaka ya 1980 alikuwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Waziri Mkuu. Kisha, chini ya Rais Mwinyi, akawa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Wanawake na Watoto. Vyama vingi viliporudi, wanasiasa wengi wa zamani walipotea. Yeye akaenda kuomba kura jimboni Njombe Kusini katika uchaguzi wa 1995, akashinda, na akalishika jimbo hilo miaka 20. Mwaka 2005 akachaguliwa Naibu Spika, msaidizi wa Samuel Sitta.

Hapo ndipo mambo yanapoanza kunoga. Sitta, mzee wa "kasi na viwango", alikuwa ameruhusu mjadala wa Richmond uliomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Ndani ya CCM wapo waliomshangilia na wapo waliomwekea kinyongo. Baada ya uchaguzi wa 2010 chama kikatangaza kuwa safari hii Spika awe mwanamke. Sitta akawa amekatwa bila hata kupigiwa kura. Majina matatu yakapitishwa: Anna Abdallah, Kate Kamba na Anne Makinda. Wabunge wa CCM wakamchagua Makinda, na ukumbini akamshinda Mabere Marando wa Chadema.

Kwa hiyo alianza kazi akiwa na deni. Wapinzani walimwona ni Spika wa kuilinda serikali, na Bunge lenyewe halikuwa jepesi: Chadema walikuwa wameongezeka, vijana wamejaa, TBC inarusha kila kitu moja kwa moja. Miongozo, taarifa, kuzomeana, kutoka nje ya ukumbi, vyote watu waliviona sebuleni kwao. Mama alikuwa mkali kama mwalimu wa zamu, na kuna siku ukali huo ulizidisha moto badala ya kuuzima.

Aprili 2012 Zitto Kabwe alikusanya saini za wabunge ili kumpigia Waziri Mkuu Mizengo Pinda kura ya kutokuwa na imani. Makinda akasema hoja haiwezi kuingia mkutano ule, kwa kuwa taarifa ya siku 14 haikutolewa. Kikanuni alikuwa na hoja. Kisiasa, wengi waliona amemwokoa Pinda. Hata hivyo presha ile ilifanya kazi yake: mwezi uliofuata Rais Kikwete alipangua baraza na mawaziri kadhaa wakaachwa.

Mtihani mkubwa ulikuwa Novemba 2014, sakata la akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300. Kama kweli aliwekwa pale kuzima mijadala, huu ndio ungekuwa wa kuuzima. Hakuuzima. Ripoti ya kamati ya PAC iliyoongozwa na Zitto ilisomwa, ikajadiliwa kwa siku kadhaa, na maazimio yakapitishwa. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu Desemba, Profesa Anna Tibaijuka akatenguliwa uwaziri, na Profesa Sospeter Muhongo akajiuzulu Januari 2015. Waliosema ni Spika wa serikali hawakuwa na jibu jepesi kwa hilo, ingawa Pinda alibaki.

Mwaka 2015 hakugombea tena. Alikuwa ametimiza miaka 40 bungeni, chini ya marais wanne. Januari 2016, miezi michache tu baada ya kumwachia kiti Job Ndugai, serikali ilitangaza kuwa TBC haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja.

Hakwenda kupumzika moja kwa moja. Rais Samia Suluhu Hassan alimteua Kamisaa wa Sensa, na akiwa na miaka 73 alizunguka nchi akihimiza watu wahesabiwe. Sensa ilifanyika tarehe 23 Agosti 2022, na matokeo yaliyotangazwa Oktoba 31 mwaka huo yalionyesha Watanzania ni 61,741,120.