Tiba Asili na Tiba ya Hospitali miongoni mwa Wazee wa Karagwe na Kyerwa: Mtazamo wa Kihistoria

Miongoni mwa maelezo ya mapema yaliyoandikwa kuhusu uganga wa Karagwe ni yale ya mgonjwa mwenyewe. James Augustus Grant alifika kwa Omukama Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861 akiwa na John Hanning Speke. Mguu wake ulivimba na kutoa majimaji. Speke alipoondoka Januari 1862 kuelekea Buganda, Grant alibaki hadi Aprili. Alitumia kwanza ukandaji na kupasua kwa kisu cha tabibu, kisha akakubali dawa za wenyeji. Alibandikwa mchanganyiko wa moto wa samadi ya ng'ombe, chumvi na tope la ziwani, bila nafuu. Hapo Nnanaji, nduguye Rumanyika, akamletea mganga wa Kinyambo na mkewe. Mganga alichanja ngozi, mke akafungua jani la mgomba lenye dawa nyeusi, ikapakwa katika chale. Mwisho kijiwe kikafungwa kifundoni kuwa hirizi.

Mganga huyo aliletwa na jamaa wa ikulu, na katika mikono yake dawa na hirizi vilikuwa tiba moja. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 haikuukataza mti shamba, lakini ilikifanya kifaa kinachoaminiwa kuwa na nguvu zisizo za kawaida kuwa ushahidi wa kosa. Kijiwe kama kile cha Grant kingeweza kumfikisha mganga mahakamani. Ni vigumu kudhani kwamba mgonjwa wa wakati huo angeyataja yote mbele ya daktari wa serikali.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 iliwatambua waganga na kuwaundia Baraza. Hata hivyo, wazee wanaohudhuria leo hospitali za Nyakahanga, wilayani Karagwe, na Isingiro, katika Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, walilelewa kabla ya sheria hiyo, na mazoea ya kunyamaza hayafutwi na Bunge. Maradhi nayo yamebadilika. Homa huisha kwa siku chache; presha na kisukari humezewa vidonge maisha yote, na kwa hiyo dawa mbili hukutana mwilini kila siku.

Mfano ulio wazi ni omubirizi, mmea mchungu unaojulikana sana Kagera kama dawa ya homa. Majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba majani yake hushusha sukari. Mzee anayeyanywa pamoja na vidonge vya kisukari anaweza kushukiwa na sukari kupita kiasi, na tabibu asiyejua habari ya majani atatafuta kosa katika vidonge au katika mlo. Kumuuliza tu iwapo anatumia "dawa za kienyeji" hakutoshi, kwa kuwa kwa mzee wa Kinyambo omubirizi aghalabu si dawa ya mganga. Ni mmea wa uani, na hauhesabiki.