Mzigo wa Utambuzi na Jitihada ya Akili

Wanafunzi wawili wamepewa mlinganyo 3x + 5 = 20. Wote wamepata x = 5 na wote wamewekewa vema. Mmoja amemaliza mara moja. Mwenzake amefuta mara tatu na kijasho kinamtoka. Kwenye daftari la alama wako sawa. Tofauti yao ndiyo inayotafutwa na wanaopima jitihada ya akili.

Msingi wa upimaji huu ni nadharia ya mzigo wa utambuzi, iliyoasisiwa na John Sweller wa Australia katika makala yake ya 1988. Kumbukumbu tendaji, yaani ile tunayofanyia kazi wakati wa kufikiri, ni finyu. Hushika mambo machache tu kwa wakati mmoja. Mzigo wa utambuzi ni yote yanayoikalia kumbukumbu hiyo mtu anapojifunza. Sehemu yake hutokana na ugumu wa somo lenyewe. Sehemu nyingine huletwa na ufundishaji: mchoro ukiwa ukurasa huu na maelezo yake ukurasa wa nyuma, mwanafunzi huchoka kwa kufunuafunua kabla hajaelewa lolote.

Wapo wanaosema "mzigo wa akili" badala ya "mzigo wa utambuzi". Istilahi hiyo humpeleka msomaji kwenye msongo na afya ya akili. "Utambuzi" unafaa zaidi, kwa kuwa saikolojia ya Kiswahili tayari inautumia kwa kufikiri, kukumbuka na kuelewa. Nayo "jitihada ya akili" ibaki istilahi inayojitegemea. Mzigo hutoka kwenye kazi. Jitihada hutoka kwa mwanafunzi. Aliyekata tamaa aweza kupewa mzigo mzito akatoa jitihada ndogo.

Kipimo kinachojulikana zaidi ni cha Fred Paas wa Uholanzi, cha mwaka 1992. Baada ya zoezi, mwanafunzi huulizwa ametumia jitihada kiasi gani, kisha huchagua namba: 1 ni ndogo mno, 9 ni kubwa mno. Mwaka 1993, Paas na Jeroen van Merriënboer waliiunganisha namba hiyo na alama za mtihani. Alama za juu kwa jitihada ndogo ni dalili ya ufundishaji wenye tija.

Mwili nao hutoa ushahidi. Mwaka 1966, Daniel Kahneman na Jackson Beatty walionyesha kwamba mboni ya jicho hupanuka kadiri tarakimu za kukumbuka zinavyoongezeka. Njia nyingine ni kumpa mwanafunzi kazi ya pili, kama kubonyeza kitufe kila rangi ya skrini inapobadilika. Akichelewa kubonyeza, somo limeshika sehemu kubwa ya fikra zake.

Namba ya kipimo cha Paas peke yake haisemi chanzo cha mzigo. Nchini Tanzania, mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi ya Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kukuta hisabati kwa Kiingereza. Akijaza 8, huenda kilichomlemea ni lugha ya swali, wala si aljebra.

Mwalimu, kipimo hiki cha Paas hakina gharama. Uliza mara tu zoezi linapoisha, kabla mwanafunzi hajasahau, na jibu lake usilitie kwenye maksi, maana anayeogopa kuonekana mzito ataficha. Darasa zima likijaza 8 au 9, anza kukagua ulivyolipanga somo kabla ya kuwalaumu wanafunzi.