Mzamiaji Lazima Ajue Kuogelea?

Kwanza tuelewane. Kwa vijana wengi wa Dar na Mombasa neno "mzamiaji" lina maana nyingine kabisa: ni yule anayejificha kwenye meli huku akimwomba Mungu ateremkie Ugiriki. Hao watakuwa na siku yao. Leo naongelea mzamiaji wa maana ya zamani, yule anayekwenda chini ya maji na kurudi juu.

Swali langu ni rahisi. Mtu ukishamfunga mtungi wa hewa mgongoni, kwa nini umuulize kama anajua kuogelea? Hewa anayo. Mapezi ya mpira anayo miguuni. Kizibao cha kujaza upepo anacho. Nimewasikia watu wakibishana juu ya jambo hili, mmoja akidai jaribio la kuogelea ni urasimu tu wa kuwapunguza watu, mwingine akidai anayejua kuogelea vizuri hana cha kufundishwa. Na katikati ya ubishi kama huo hakosi mtu wa kusema kwamba eti mtu mweusi na maji haviendani kabisa. Nikaona bora nichimbe historia.

Nianze na huyo wa mwisho, maana ndiye aliyeniudhi zaidi.

Mwaka 1545 meli ya vita ya Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, Mary Rose, ilizama karibu na Portsmouth. Mizinga yake ilikuwa mali ya thamani, ikabidi itafutwe. Kazi akapewa Mtaliano aitwaye Piero Paolo Corsi. Huyo naye, ndugu msomaji, mtu wake mkuu wa kuzama alikuwa Mwafrika, Jacques Francis, kijana wa miaka 20 hivi kutoka pwani ya Afrika Magharibi. Baadaye Corsi akashitakiwa kwa wizi wa bati kutoka meli nyingine, na mwaka 1548 Francis akaitwa kutoa ushahidi katika Mahakama ya Kuu ya Majini ya Uingereza. Ndiye Mwafrika wa kwanza anayejulikana kutoa ushahidi katika mahakama ya Uingereza. Upande wa pili walipinga asisikilizwe: eti ni mtumwa, eti ni kafiri. Lakini hakuna aliyesimama kusema kwamba hajui kuzama! Uwezo wake majini haukuwa na mjadala, maana Waingereza wenyewe wa zama hizo wengi wao, hata mabaharia, hawakujua kuogelea.

Francis hakuwa peke yake. Kwenye visiwa vya Cubagua na Margarita, pwani ya Venezuela ya leo, Wahispania waliwazamisha kutafuta lulu kwanza wenyeji wa visiwa vya Bahama, kisha Waafrika. Ujuzi wa maji uligeuka kuwa sababu ya kutekwa.

Na habari hii inatugusa sisi moja kwa moja. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, biashara ya lulu ya Ghuba ilipopamba moto, watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa wazamiaji wa majahazi ya lulu. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio, akakanyaga jiwe lililofungwa kamba, akashuka nalo kwa kasi. Chini alichuma chaza na kutia kikapuni kwa dakika moja hivi, kisha akatikisa kamba na mwenzake wa juu akamvuta. Hivyo mara kwa mara kutwa nzima, msimu wote wa joto. Utaona kwamba hapa kuogelea kwenyewe, kule kukata maji kwa mikono, si ndiko kulikombeba mtu. Jiwe lilimshusha na mwenzake akampandisha. Kilichompa uhai ni pumzi, utulivu wa moyo, na mikono ya mtu wa kamba. Biashara ile iliporomoka miaka ya 1930, lulu za kufuga za Wajapani zilipojaa sokoni wakati dunia nzima iko kwenye mdororo wa uchumi.

Sasa ikaja kofia ya shaba. Mwaka 1837 Augustus Siebe, Mjerumani aliyeishi London, alitengeneza vazi lililofungwa lote, kofia imeunganishwa na nguo, hewa inasukumwa kwa pampu kutoka juu. Mzamiaji wa aina hii haogelei hata hatua moja. Anatembea! Vazi la Mark V la jeshi la majini la Marekani lilikuwa na uzito wa karibu kilo 86, viatu vya risasi vikiwemo. Ukimtumbukiza bingwa wa kuogelea humo ndani atakwenda chini sawasawa na asiyejua. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya mia swali la "unajua kuogelea?" lilipoteza maana. Lililoulizwa ni "una nguvu?"

Hata hivyo nguvu peke yake haikutosha. Mafundi waliofanya kazi kwenye mabaki ya meli ya Royal George kuanzia mwaka 1839 walilalamika maumivu ya viungo, wakubwa wakadhani ni baridi yabisi. Ilikuwa ni naitrojeni, iliyoingia mwilini chini ya mkandamizo na kutoka kama mapovu mtu anapopanda haraka, mithili ya soda iliyofunguliwa ghafla. Aliyeliweka sawa jambo hili ni mwanasayansi John Scott Haldane, kwa kutumia, usicheke, mbuzi. Aliwafungia mbuzi kwenye chumba cha mkandamizo, akawatoa kwa kasi tofauti, akaangalia nani anachechemea. Mwaka 1908 yeye na wenzake Boycott na Damant wakachapisha majedwali ya kupanda kwa vituo. Boycott na Damant wakachunguza pia suala la unene, wakaona kwamba wanyama wenye mafuta mengi mwilini huathirika zaidi, kwa kuwa mafuta hufyonza naitrojeni nyingi. Hapo ndipo kitambi kilipoingia rasmi kwenye sayansi ya uzamiaji.

Kisha akaja Mfaransa mwembamba mwenye pua ndefu. Jacques Cousteau alikuwa anasomea urubani wa jeshi la majini, mwaka 1936 akapata ajali ya gari iliyomvunja mikono yote miwili. Urubani ukaishia hapo. Akawa anaogelea baharini karibu na Toulon ili kurudisha nguvu za mikono, rafiki yake Philippe Tailliez akampa miwani ya majini, na kijana akaona samaki. Mengine mnayajua. Mwaka 1943 yeye na mhandisi Émile Gagnan walikamilisha kifaa cha kumpa mtu hewa ya mtungi kila avutapo pumzi. Mapezi ya mpira yalikwishapatikana, Louis de Corlieu aliyapatia hataza Ufaransa mwaka 1933. Kwa hiyo mzamiaji akavua viatu vya risasi, akakata bomba, akawa samaki.

Hapa ndipo kuogelea kuliporudi mezani. Mtu aliyekata bomba hana wa kumvuta. Mkondo ukimchukua ni yeye na miguu yake. Hewa ikiisha mbali na mashua ni yeye na miguu yake, tena akiwa amebeba mzigo.

Wamarekani wa California ndio waliojifunza mapema. Vifaa viliuzwa kama baiskeli: unalipa, unakwenda baharini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika taasisi ya bahari ya Scripps, Conrad Limbaugh alianzisha mafunzo kwa watafiti wanaozama. Al Tillman na Bev Morgan wa kaunti ya Los Angeles wakajifunza kwake, na mwaka 1954 kaunti ikaanza mpango wake. Mafunzo ya zama zile yalikuwa na harufu ya jeshi: kuogelea masafa marefu, kuelea kwa muda, kuokoa mwenzio. YMCA wakaleta mtaala wao mwaka 1959, NAUI wakafuata mwaka 1960.

Kisha mwaka 1966 ikazaliwa PADI, huko Illinois. Waanzilishi wake walikuwa wawili: John Cronin, muuza vifaa vya kuzamia, na Ralph Erickson, kocha wa kuogelea. Muuzaji na kocha! Mimi nikiangalia sharti la leo naona alama za vidole vya wote wawili. Kwenye kozi yao ya kwanza mtu anatakiwa kuogelea mita 200 bila kusimama, kwa mtindo wowote, bila saa ya kupimia. Au achague mita 300 kwa mapezi, miwani na mrija. Kisha aelee dakika 10. Wazee wa zamani wanalalamika kwamba hii ni mzaha. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Kuelea kwa dakika 10 hakupimi misuli, kunapima kama mtu ana hofu na maji, na hofu ndiyo inayomfanya mtu ang'oe kifaa mdomoni penye hewa ya kutosha.

Tena tuziangalie takwimu. Petar Denoble na wenzake wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, walipitia vifo 947 vya wazamiaji wa burudani vya kuanzia mwaka 1992 hadi 2003. Walipotafuta kilichomlemaza mtu kwanza kabla ya kufa, walikuta kukosa hewa asilimia 33, mapovu ya hewa kuingia kwenye damu asilimia 29, na moyo asilimia 26. Moyo! Yaani mmoja katika kila wanne. Huyo unaweza kumpima mita 200 akafaulu akitabasamu. Ndiyo maana siku hizi, kabla hujalowana, unajaza fomu ya afya, na waliopita miaka 45 wana maswali yao ya ziada.

Na Limbaugh mwenyewe, mwalimu wa walimu? Alikufa mwaka 1960 ndani ya pango la chini ya maji la Port Miou, Ufaransa. Kuogelea alijua kuliko karibu kila mtu wa enzi yake. Pango halikujali.

Kwa upande wa pili yupo Carl Brashear, mtoto wa mkulima maskini mweusi wa Kentucky, mzamiaji wa jeshi la majini la Marekani. Mwaka 1966, katika msako wa bomu la nyuklia lililoanguka baharini karibu na Palomares, Hispania, bomba la chuma lilimvunja mguu, na mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Wakubwa wakataka astaafu. Akafanya mazoezi, akajaribiwa, na mwaka 1968 akarudishwa kazini. Mwaka 1970 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kufikia daraja la mzamiaji mkuu. Wengi mmeiona filamu ya mwaka 2000. Nauliza tu: kama kipimo kingekuwa "miguu miwili", jeshi lingempoteza nani?

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo panaponiuma. Watafiti wamekwisha kuandika kuhusu wavuvi wa jongoo bahari Unguja, ambao kwa vizazi walizama kwa pumzi zao, na baadhi yao sasa wanatumia mitungi, kwa sababu jongoo wa maji madogo wamekwisha na mnunuzi wa Asia bado anataka. Kijana wa namna hii ataogelea akimwacha mtalii yeyote. Mita 200 kwake ni mchezo wa watoto. Lakini maisha yake yote amejifunza jambo moja: ukiwa chini, shika pumzi mpaka juu. Akifanya hivyo na hewa aliyoivuta kutoka kwenye mtungi, anajiua. Penye kina cha mita 30 mkandamizo ni mara nne ya ule wa juu. Hewa aliyoijaza kifuani hapo itatanuka mara nne akipanda, na mapafu yatapasuka kabla hajauona mwanga vizuri. Mita mbili tu zaweza kutosha. Ile asilimia 29 ya mapovu kwenye damu hutokana hasa na hilo.

Kwa hiyo kijana hodari kuliko wote majini anabeba hatari ambayo mtalii aliyefundishwa siku nne ameambiwa saa ya kwanza darasani: usiache kupumua. Aliyemkodishia mtungi anajua bei ya jongoo. Hilo la kupumua alimwambia?

Natafuta wavuvi wa jongoo waliowahi kutumia mitungi, wa Fumba, Pemba, Shimoni, popote, wanisimulie walifundishwa nini na nani. Kama unamfahamu mmoja, hasa aliyepooza miguu baada ya kutoka majini akaambiwa ni upepo mbaya, naomba unitafute.